Mkonge wa Tanga: maswali yanayoulizwa kila siku na majibu yake

Ukitoka Segera kwenda Korogwe mpaka Mombo unaona mistari ya mkonge inaenda mpaka macho yanachoka, halafu katikati kuna majengo ya zamani nusu yamebomoka, na hapo ndo abiria wanaanza kuulizana. Maswali ni yaleyale miaka yote, nimeyaweka hapa kwa pamoja. Mengine nimeyajibu kwa kirefu maana yanastahili, mengine mstari mmoja miwili yanatosha.

Mkonge asili yake ni hapa hapa Tanga?

Hapana, ni mgeni kabisa. Kwao ni Mexico, upande wa Yucatán. Aliyeuleta ni mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche midogo 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, ikafa njiani karibu yote, iliyofika ikiwa hai ni 62 tu na ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Sasa mkonge una tabia moja, ukikaribia kufa unatoa mlingoti mrefu katikati na huo mlingoti unazaa miche mingi mno, kwahiyo 62 zilitosha kabisa kuanzia. Kufika 1913 koloni la Wajerumani lilikuwa linasafirisha nje zaidi ya tani 20,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba mkonge haukuwa chaguo la kwanza. Wajerumani walitaka kahawa. Waliona misitu ya Usambara Mashariki imeshona, kijani mwaka mzima, wakadhani chini kuna udongo wa ajabu, wakafyeka wakapanda. Kumbe rutuba yote ilikuwa kwenye msitu wenyewe, ukishaukata mvua inaosha kinachobaki, kahawa ikadhoofika ndani ya miaka michache. Wakajaribu na mpira huku Muheza, huo ukaenda vizuri mpaka bei ilipoporomoka 1913 kwa sababu ya mashamba ya mpira ya Asia. Mkonge ndo ukabaki umesimama.

Kwanini Tanga hasa na siyo sehemu nyingine?

Vitu vinne vilikutana sehemu moja. Kuna bandari, ghuba iliyotulia ambayo haipigwi na mawimbi. Kuna reli, ya kwanza kabisa katika nchi hii, ilianza kujengwa Tanga 1893, ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905. Kuna udongo, ukanda wote huu una mawe ya chokaa (mapango ya Amboni unayajua) na mkonge unapenda chokaa. Halafu kuna maji, yaani mto Pangani, Zigi, Mkulumuzi na vijito vyote vinavyoshuka kutoka Usambara.

Hapa kwenye maji watu wanashangaa maana wamezoea kusikia mkonge ni zao la ukame. Mmea wenyewe kweli hauna shida na jua, unakaa miezi bila mvua na hausemi kitu. Lakini mashine ya kukamua majani, ile korona, inakunywa maji siyo mchezo. Kwahiyo unahitaji sehemu ambayo shamba ni kavu kiasi lakini mto uko karibu, na sehemu kama hiyo siyo nyingi. Ukichora ramani ya mashamba ya zamani, Ngomeni, Muheza, Hale, Magunga, Ngombezi, Mombo, Mazinde, utakuta umechora reli.

Mbona kahawa ililimwa na wakulima wadogo na mkonge ukawa wa mabwanyenye?

Hili ndo swali langu kubwa kuliko yote na nitalijibu kwa urefu.

Anza na jani. Jani la mkonge kwa uzito wake singa ni kama asilimia 4 tu, kilichobaki ni maji na makapi. Belo moja la mkonge ni kilo 250, kwahiyo kupata belo moja unahitaji zaidi ya tani 6 za majani. Tani 6! Hakuna mtu atakayezibeba kichwani au kwa punda kwenda mjini. Halafu jani likishakatwa halitakiwi kukaa, likinyauka singa zinang'ang'ania kwenye nyama ya jani na zinatoka chafu. Maana yake kiwanda lazima kiwe ndani ya shamba, na ndani ya shamba lazima kuwe na vireli na matoroli ya kuleta majani (siku hizi matrekta).

Ukifika pale korona unaelewa haraka. Wakataji wamekata majani ya chini, wakatoa ule mwiba mweusi wa kwenye ncha, wakafunga mizigo ya majani 30. Mizigo inafunguliwa, majani yanapangwa kwenye mkanda yakiwa yamelala upande upande, yanaingia kwenye ngoma kubwa zenye visu butu zinayapiga upande mmoja kisha wa pili huku maji yanamwagika muda wote. Kelele zake ukiongea na mtu inabidi umshike sikio. Upande huu zinatoka singa za kijani kibichi, upande ule linatoka tope lenye harufu kali, na utomvu ukikurukia mkononi utajikuna mpaka jioni. Singa zinaanikwa kwenye nyaya mpaka ziwe nyeupe, zinapita kwenye brashi, zinachambuliwa kwa gredi, zinashindiliwa belo.

Sasa korona moja ni ghali, na ukishainunua lazima ilishwe majani kila siku la sivyo unapata hasara, na ili ilishwe kila siku unahitaji mamia ya hekta zilizopandwa kwa zamu, na mkonge unakaa karibu miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Nani ana pesa ya kusubiri miaka mitatu na huku analipa mashine, reli na vibarua? Kampuni. Mjerumani, baadaye Mwingereza, Mgiriki, Mswisi, Mhindi kama familia ya Karimjee. Mswahili wa Korogwe mwenye ekari tatu hayumo kabisa kwenye hesabu.

Kahawa ni kinyume chake. Mchaga anapanda miche yake chini ya migomba, anachuma, anamenya kwa kimashine cha mkono nyuma ya nyumba, anaanika, na gunia moja lina thamani kubwa kwa uzito mdogo. Ndo maana Kilimanjaro walikuwa na chama cha wakulima wa kahawa tangu 1925 na kufika 1933 wakawa na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, pesa inarudi kijijini, zinajengwa shule, mtoto anasomeshwa. Reli ya Tanga hiyohiyo, ukoloni huohuo, ila kule ikatoka jamii ya wakulima wenye vihamba vyao (mashamba ya ukoo) na huku ikatoka jamii ya vibarua wenye kambi. Watu wakitaka kueleza tofauti hizi wanaanza kusema kabila fulani wachapakazi kabila fulani wavivu, mimi huwa nawaambia angalieni kwanza mashine.

Manamba ni akina nani?

Ni vibarua waliokuwa wanaandikishwa mbali na kuletwa kwenye mashamba kwa mkataba. Kila mtu anapewa namba, na kwenye shamba wewe ni ile namba. Walitoka Songea, Njombe, Mbeya, Kigoma, wengine Rwanda na Burundi, Wamakonde wakavuka kutoka Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, iliyokuwa na makambi ya kupumzikia njiani na malori ya kuwasomba.

Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30, unamaliza mgawo wako wa siku unawekewa alama, kadi ikijaa ndo unalipwa. Ukiumwa au usipomaliza mgawo siku hiyo haihesabiki. Pamoja na hapo kuna posho ya kila wiki, unga, maharage, chumvi.

Kwani wenyeji, Wasambaa, Wabondei na Wazigua, walikuwa wapi?

Walikuwa kwenye mashamba yao! Msambaa ana ardhi yake mlimani, ana migomba, mahindi, maharage, mvua anayo. Aende kukata mkonge juani ya nini? Wajerumani walijaribu kuwalazimisha kwa kadi, kila mwanaume afanye siku 30 kwa walowezi ndani ya kipindi fulani, wakapata watu kidogo na chuki nyingi. Wenyeji wengi waliona afadhali kulima chakula na kuwauzia watu wa kambini, na kwa akili ya biashara walikuwa sahihi kabisa.

Ndo hapo serikali ikategemea mikoa ya mbali isiyo na reli wala zao la biashara. Kodi ya kichwa inadaiwa kwa pesa taslimu, Songea au Kigoma pesa taslimu utaitoa wapi? Unaenda Tanga. Na kadri vijana walivyozidi kuondoka ndivyo kilimo cha huko kwao kilivyozidi kudorora, mwaka unaofuata wanaondoka tena. Ukiangalia leo mikoa ambayo watu walikuwa wanasombwa kwenda mashambani na mikoa iliyokuwa na zao lake, pengo la shule na barabara lililoanzia enzi zile lilichukua miaka mingi kuzibika na sehemu nyingine bado lipo.

Wakati wa Vita vya Pili mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Ufilipino na Java, kamba za meli zilikuwa zinatoka huko, Waingereza wakabaki na mkonge wa Afrika Mashariki, watu wakakamatwa kwa nguvu za sheria kwenda kukata.

Ni kweli Tanzania ilikuwa ya kwanza duniani?

Kweli. Kilele chake kilikuwa miaka ya 1964 hivi, kama tani 230,000 kwa mwaka. Wakati wa uhuru mkonge ulikuwa unaleta zaidi ya robo ya mapato yote ya mauzo ya nje na uliajiri watu zaidi ya laki moja. Bei iliyopaa sana ilikuwa 1951 wakati wa vita vya Korea, kuna nyumba kubwa Tanga mjini zinatokana na mwaka ule.

Haya, nani aliuua mkonge? Ujamaa au nailoni?

Ugomvi huu hauishi, kila mtu anajibu kulingana na siasa zake. Mimi nasema fuata tarehe.

Soko kubwa la mkonge lilikuwa kamba za kufungia mazao na majani makavu ya mifugo kwa mashine huko Ulaya na Marekani. Mashine za kuvuna na kupura papo hapo zilipoenea, kamba ya kufungia nafaka haikuhitajika tena. Halafu miaka ya 1960 ikaingia kamba ya plastiki, polipropilini, nyepesi, haiozi, inatengenezwa kutokana na mafuta yaliyokuwa bei ya bure. Bei ya mkonge ikaanza kuporomoka kuanzia 1964, 1965, kabla hata Azimio la Arusha halijaandikwa. Vilevile baada ya uhuru mishahara ya chini ilipandishwa, wenye mashamba wakapunguza watu, uandikishaji wa manamba ukafa katikati ya miaka ya 1960. Mashamba mengi yalikuwa yameshaacha kupanda upya, na mkonge usipoupanda upya leo hasara utaiona miaka kumi mbele.

Ndo 1967 serikali ikataifisha sehemu kubwa ya mashamba. Kwahiyo ilichukua biashara iliyokuwa tayari inaumwa. Lakini wale wanaosema ujamaa hauna kosa lolote nao wananipa shida, kwa sababu mwaka 1974 baada ya mafuta kupanda bei, plastiki nayo ikapanda na bei ya mkonge ikaruka juu, na sisi hatukuwa na majani ya kukata. Mashamba yalikuwa yamezeeka, vipuri vya korona hamna, pesa ya kigeni hamna, shirika la umma limejaa mameneja wanaosubiri maelekezo. Kufika miaka ya 1990 uzalishaji ulishuka hadi karibu tani 20,000, yaani tumerudi pale alipotuacha Mjerumani 1913. Soko ndo lilitupiga, ila kushindwa kusimama tena pale ni kwetu wenyewe.

Mbona Brazil waliendelea?

Swali zuri. Brazil wanalima mkonge Bahia, kaskazini mashariki, nchi kavu kweli, mito mikubwa ya kuendesha korona hamna. Wao wakatumia kimashine kidogo cha kuhamishika, kinaburutwa mpaka shambani, kinakamua majani palepale bila maji. Kwahiyo kule mkulima mwenye eneo dogo aliweza kuingia, hakuna kambi, hakuna kireli, gharama ndogo, na bei ikianguka hana mishahara ya watu elfu ya kulipa. Wakatupita.

Ila msidhani ilikuwa pepo. Anayelisha kile kimashine anaingiza jani kwa mkono karibu kabisa na ngoma inayozunguka, na watu wengi sana kule walikatwa vidole na viganja. Singa zenyewe hazioshwi, ubora uko chini ya za kwetu.

Kwa hiyo ukiniuliza kama zao ndo linaamua jamii iweje nitakwambia nusu tu. Mmea ni uleule, mashine tofauti, na jamii mbili tofauti kabisa.

Na karanga za Kongwa, ule mradi wa Waingereza kule Dodoma? Mbona zilishindikana wakati mkonge uliwezekana?

Kwa sababu mkonge ulipewa muda wa kuonyesha unapopenda kuishi, karanga zilipelekwa Kongwa kwa amri kutoka London. Walianza 1947 wakataka ekari zaidi ya milioni tatu, mvua ya Kongwa haitabiriki, udongo ukikauka unakuwa kama saruji, matrekta yakafa kwenye vichaka, na 1951 mradi umeshafungwa na kama pauni milioni 36 zimeenda. Fupi ni hivyo.

Kenya nao si wana mkonge?

Wanao, miche ilitoka huku kwetu. Leo nenda Mwatate kule Taita au Vipingo kule Kilifi. Wameendelea na mashamba makubwa ya kampuni, na manung'uniko ya wananchi kuhusu ardhi yanafanana na ya huku.

Wale watu wa kambini walienda wapi?

Wengi hawakwenda popote. Ukiuliza ukoo wa watu Korogwe, Muheza au Tanga mjini utakutana na Wamakonde, Wabena, Waha, Wangoni ambao babu alikuja na namba. Kilichowaunganisha kambini ni Kiswahili, maana ungeongea nini na jirani wa Kirundi? Ngoma nazo zikachanganyika, sindimba ya Mmakonde inachezwa Tanga kama iko kwao.

Tatizo ni ardhi. Nyumba ya kambi siyo yako, ni ya shamba. Shamba likifa unabaki unakaa kwenye chumba kimoja cha tofali kilichojengwa kwa ajili ya bachela wa 1950, una wajukuu, na huna hata robo ekari. Watu wakaanza kulima mahindi katikati ya mkonge uliotelekezwa, mwenye hati akitokea ni kesi. Kuna mashamba Muheza na Korogwe hati zake zimefutwa na wananchi wakagawiwa, lakini vijiji vingi bado mpaka wake ni mkonge pande zote.

Mji wa Tanga nao ulikaa umelala miaka mingi. Mitaa ya Ngamiani imepangwa kwa namba, barabara ya kwanza ya pili ya tatu hivyohivyo, baiskeli kila kona, ni mji uliopangwa kwa ajili ya pesa ambayo baadaye ikaacha kuja. Kilichousaidia ni yaleyale mawe ya chokaa, saruji inatengenezwa Pongwe, na bandari ambayo mpaka juzijuzi meli kubwa ilikuwa inatia nanga mbali na mizigo inafuatwa na matishari, sasa wamechimba kina na gati limeboreshwa.

Yale makapi asilimia 96 yanaenda wapi?

Kwa miaka mingi mtoni, na samaki wa Pangani wanajua. Pale Hale kilijengwa kiwanda cha kugeuza makapi kuwa biogesi na umeme, wazo zuri sana, sema kama mambo mengi hayajasambaa inavyotakiwa.

Siku hizi mkulima mdogo anaweza kulima mkonge? Nipande?

Anaweza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya mashamba ya Korogwe yalianza kugawiwa kwa wakulima wadogo, kila mtu na ekari zake ndani ya shamba lilelile la zamani, na siku hizi wako kwenye AMCOS zao (vyama vya ushirika vya wakulima). Tatizo la zamani limebadilika sura tu, ardhi imegawanywa lakini korona haijagawanywa, na mwenye korona ndo anayeamua majani ya nani yanapita leo na nani asubiri.

Kwahiyo kabla ya kununua miche (chukua chotara ya 11648 iliyotoka kituo cha utafiti Mlingano, inatoa majani mengi kuliko ile ya zamani) fanya hivi. Pima umbali kutoka shambani kwako mpaka korona, kumbuka zile tani 6 kwa belo, zaidi ya kilometa kadhaa usafiri unakumaliza. Uwe na kitu cha kula miaka mitatu ya kwanza, wengi wanachanganya maharage au mahindi kati ya mistari mpaka mkonge ufunge. Usikate majani mpaka juu kwa tamaa, acha kama 20 kwenye kila mmea la sivyo unaudumaza. Halafu nenda AMCOS uwaulize mambo mawili kabla hujatoa hata shilingi, korona ina zamu ngapi kwa mwezi kwa wakulima wadogo, na trekta likiharibika majani yameshakatwa yapo chini, hasara ni ya nani. Wakikujibu la pili kwa maandishi, panda.